Boksi Halionyeshi Njia

Kwa mwalimu wa hesabu, jibu sahihi lisilo na njia linatia shaka kuliko jibu lililokosewa. Mwanafunzi akiandika 7 katikati ya ukurasa mweupe, bila mstari hata mmoja wa kazi juu yake, msahihishaji hajiulizi kama 7 ndiyo yenyewe. Anajiuliza mtoto huyu alikaa karibu na nani. Sasa chukua boksi la simu mpya, ligeuze nyuma, usome: MP 108, GB 16, mAh 5000, Hz 120, inchi 6.7, W 33. Majibu yamepangwa safu, yanang'aa, na njia haipo popote. Boksi la namna hiyo, mimi naliita mbele ya darasa lijieleze.

Na nililiita, maana hela ilikuwa yangu. Simu yangu ya zamani ilikuwa na ufa uliokatiza kioo, ukashuka hadi kwenye herufi, ukaila h kabisa. Nikawa nawaandikia wazazi wa wanafunzi "abari za asubui", na mmoja akanijibu kwa upole akitaka kujua kwetu hasa ni wapi. Mke wangu akasema ninunue nyingine kabla shule haijaanza kukihoji cheti changu. Mshahara ukatoka, zamu yangu ya upatu ikafika, nikashuka Kariakoo.

Ukiingia Mtaa wa Aggrey na uso wa mtu anayetafuta simu, huna haja ya kutafuta. "Bosi, karibu, simu?" "Mkubwa, njoo uone chuma hiki." "Kaka, usiogope, kuuliza bure." Nilimfuata kijana aliyekuwa kimya kuliko wenzake. Kumbe alikuwa anatafuna muhogo. Alipomeza tu, akaanza.

"Hii hapa, kaka. RAM GB 16. Haigandi hata uifungulie dunia nzima."

"Kumi na sita kamili?"

Akaligeuza boksi kidogo, akaweka ukucha wa kidole gumba chini ya maandishi madogo: 8+8.

"Hizi nane za pili zinatoka wapi?"

"Humo humo ndani."

Sikumwachia. RAM ni kumbukumbu ya muda, pale simu inaposhikilia kazi inayoifanya sasa hivi. Nane za kwanza zipo kweli. Nane za pili zimekopwa kwenye hifadhi, ile ile ya GB 128 unapoweka picha na video, na kasi yake iko chini mno ya kasi ya RAM yenyewe. Kwa hiyo boksi linajisifu kwa 128 upande mmoja, kisha linachota 8 humo humo na kuzihesabu upya upande wa pili. Kidato cha kwanza akifanya hivyo anapata mkasi. Hizo 128 nazo zina ubishi wake: kiwanda kinahesabu gigabaiti kwa 1000, mara 1000, mara 1000, ilhali kompyuta tangu zamani zimezoea 1024. Ukifuata mazoea ya kompyuta, zinabaki 119 na kidogo. Toa mfumo wa simu, toa michezo ambayo kiwanda kimeiweka na haitaki kufutika, toa nane za mkopo. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, akashusha pumzi.

"Kaka, wewe unataka simu au unataka kesi?"

Nilitaka simu. Nikatoa rula kwenye begi. Kila aliyekuwa dukani akageuka, hata mama mmoja aliyekuwa akibishania bei ya protekta. Inchi 6.7 ni kipimo cha kona hadi kona. Wapimaji wa vioo hawasemi urefu wala upana, kwa sababu kipimo cha kona kwa kona ndicho kikubwa kuliko vyote na ndicho kinachopendeza kwenye tangazo. Urefu nilipata sentimita 15.5, upana 7. Kwa bwana Pythagoras, 15.5 kwa 15.5 ni 240.25, ongeza 49, unapata 289.25, na kipeuo chake cha pili ni 17 na vumbi. Gawanya kwa 2.54. Inchi 6.7. Nikalipa boksi tiki yake, nikamwambia kijana kwamba hapa wamesema kweli. Akashukuru kwa sauti ya mtu aliyekwishakata tamaa.

Kilichobaki kilikuwa IMEI. Tangu Juni 2016, TCRA ilipozizima simu bandia nchi nzima na watu wakaamka na vipande vya plastiki mfukoni, hakuna Mtanzania mwenye akili zake anayelipia simu kabla ya kubonyeza *#06#. Zinatokea tarakimu 15. Wengi wanazituma kwenda 15090, wanasubiri jibu, basi. Mimi nilianza na hesabu, kwa sababu kati ya namba zote zilizochapwa kwenye lile boksi, hii peke yake ndiyo inayobeba njia yake. Tarakimu 14 za kwanza ndizo namba yenyewe; ya 15 imewekwa kuzikagua. Unachukua kila tarakimu iliyo kwenye nafasi ya shufwa, unaizidisha kwa 2, ikitoa tarakimu mbili unazijumlisha, kisha unajumlisha zote 15. Jumla isipogawanyika kwa 10, kuna mtu ameharibu. Kanuni hiyo aliibuni Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, akapewa hataza yake mwaka 1960, wakati simu ya mkononi haijaotwa hata katika ndoto. Nikaifanya kwenye kipande cha karatasi, nimeegemea kioo cha duka. Jumla 70.

"Imepita," nikamwambia.

"Nilikwambia ni mpya, kaka."

"Haijathibitisha kwamba ni mpya. Imethibitisha kwamba aliyeandika namba hii anajua kujumlisha. Fundi wa simu bandia aliyefaulu kidato cha nne anaweza kutunga namba itakayopita."

Nikatuma 15090, jibu likarudi zuri. Kijana akanipunguzia elfu kumi bila kuombwa, nadhani ili niondoke.

Nyumbani Gongo la Mboto ndiko lilikokuwa jopo lenyewe. Mama yangu tunaishi naye, na yeye ana kitochi, kile kisimu kidogo chenye vitufe, kinachokaa na chaji mpaka unasahau chaja iko wapi. Alikifuta kwenye kanga, akakiweka mezani sambamba na simu yangu, akatazama kimoja, akatazama kingine.

"Ina redio?"

Kwenye boksi iliandikwa kwamba ipo. Nikaifungua. Kioo kikaandika kwamba nichomeke kwanza hedfoni zenye waya, zitumike kama antena. Nikaigeuza simu juu, chini, ubavuni: tundu la duara la hedfoni halipo. Lipo moja tu, la chaja. Nikamweleza Mama kwamba simu haina kosa, ni maumbile. Mawimbi ya FM ya megahezi 100 yana urefu wa mita 3, na antena inayoyafaa ni robo yake, sentimita 75. Urefu wa simu nzima haufiki 17. Bila waya haina kwa kuyapokelea.

Mama alinisikiliza kwa uvumilivu wa mtu aliyesomesha mwalimu kwa kuuza nazi.

"Sawa, mwanangu. Sasa redio iko wapi?"

Nilirudi mjini kutafuta hedfoni za tundu lile. Siku hizi jioni utamkuta Mama barazani, waya umemzunguka shingoni, simu yangu imelala mapajani kwa sauti ya juu, anasikiliza matangazo ya vifo, salamu na taarabu. Kitochi chake kipo pembeni, kwa ajili ya kupigia simu. Na kwa kuwa tundu ni moja, redio ikiwaka chaji haiingii, na chaji ikiingia redio inanyamaza. Zile W 33 zilizoandikwa kwenye boksi zina maana kubwa hapo. Betri ya mAh 5000 ukiizidisha kwa volti zake, ambazo ni karibu 3.9, unapata kiasi cha Wh 19 na nusu. Gawanya kwa 33: dakika 35. Ndivyo darasani. Sebuleni inapita saa nzima, kwa sababu kila betri inavyokaribia kujaa simu inapunguza mwendo wa chaji isije ikaunguza kitu, na kwa sababu kila baada ya muda mfupi sauti inatoka barazani: "Bado tu?"

Kidole nacho kilikuwa na kesi zake. Kitambuzi cha alama za vidole kipo ubavuni, kinafungua kabla hujaamua kufungua, mradi hujafundisha siku hiyo. Vumbi la chaki linajaza mifereji ya kidole, na baada ya kipindi cha jometri simu inanikana mbele ya darasa. Nafuta kwenye suruali, inanikana. Nakitia mate kidogo, wanafunzi wanacheka, inakubali. Mama alipotaka kuwekewa kidole chake ili asiwe ananiita kila redio ikizima kioo, hatukufika popote. Inua kidole, weka tena. Inua, weka tena. Vidole vilivyoshika jembe tangu utoto havina mistari ya kusomeka. Hata mwaka 2019, tulipotakiwa sote kusajili laini kwa alama za vidole, wakala alijaribu mkono wa kulia wote, akahamia kushoto, mpaka kidole kidogo cha mwisho ndicho kikamwokoa Mama asizimiwe kitochi. Nikamwambia tutumie sura. Akasema sura yake si ya kufungulia vitu.

Umeme ulipokatika usiku mmoja, nikaona nafasi ya kuupima mwanga wa tochi. Mdogo wangu ndiye aliyenipangia simu, na kwa usalama alikuwa ameziba njia zote za mkato wakati kioo kimefungwa. Kidole kilikuwa na mafuta ya samaki. Ikabaki sura. Simu ikanitazama gizani, ikasema hainioni. Ili iniwashie tochi ilihitaji kunitambua, na ili initambue ilihitaji tochi. Nilikaa na simu usoni nikilifikiria tatizo hilo, ambalo kwa kweli halina suluhisho katika seti ya namba halisi, mpaka Mama akapita na kitochi chake kimewaka, akaniangazia usoni ili simu inione. Ikafunguka. "Haya, na yako iwashe," akasema, akaendelea zake jikoni.

Kwa Hz 120 sitakaa sana. Maana yake kioo kinajichora upya mara 120 kwa sekunde, ambazo ni mara 432,000 kwa saa. Mdogo wangu anasema inateleza. Mimi nimeitazama sana, sijaona mara hata moja.

Aliyeipima simu kwa ukali kuliko wote ni Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuja kututembelea kutoka Kilwa Kivinje. Mjomba hana neno na simu za watu. Aliuliza tu, alasiri ilipoingia, kibla kiko upande gani wa nyumba hii, maana mwaka uliopita makochi yalikuwa yamekaa vingine. Nikamwambia asubiri, nina programu. Nikaifungua simu, nimeivalisha kava jipya la kukunja, lile lenye kifuniko kinachojibana chenyewe pembeni. Mshale ukazunguka, ukatulia. Mjomba akautazama mshale. Kisha akatazama dirishani, jua lilikokuwa likiteremka.

"Mpwa, huko ni Morogoro."

"Programu ndiyo inayosema, Mjomba."

"Makka imehamia lini Morogoro?"

Akatandika mkeka wake, jua bega la kushoto, akaswali. Baadaye nilipolivua kava, mshale ukageuka taratibu na kuelekea kule kule alikokuwa amekielekeza kipaji chake. Kumbe kinachojibana pembeni mwa kava ni sumaku, na dira ya simu ni kihisi kidogo sana kinachonusa usumaku wa dunia, ambao ni hafifu. Sumaku yoyote ya jirani inaushinda. Mwenzangu wa jiografia alipoisikia habari hii alicheka hadi akashika ukuta. Dar es Salaam na Makka, alinionyesha kwenye ramani, zote zipo kwenye longitudo ya 39 na ushei Mashariki, kwa hiyo mtu wa Dar akitaka kibla anatazama Kaskazini, tofauti ni kama nyuzi 1 tu. Watu wa mwambao wetu wanaijua hesabu hiyo kwa mabega: jua linachomoza kulia, linazama kushoto, mengine ni yako na Mola wako. Mjomba hakunisema. Alianza tu kuiita simu yangu "ile ya Morogoro".

Laiti ingeishia hapo. Jioni Mama akataka picha ya Mjomba ya kuwatumia jamaa kwenye kundi la ukoo. Sasa kamera ndiyo fahari ya simu hii: MP 108. Hizo nazo zina hesabu yake. Vidoa vya kupokelea mwanga vimebanwa mno mle ndani, kila kimoja peke yake kinapata mwanga kiduchu, kwa hiyo simu inaviunga tisa tisa vifanye kazi ya kimoja. 108 gawanya kwa 9, picha unayoipata ni ya MP 12, usipokwenda mwenyewe kwenye mipangilio kuidai ile kubwa. Lakini haki yake tuitoe: picha ni nzuri. Tunakumbuka simu za zamani ambazo ukipiga picha ya jioni, mtu mweusi anatoka meno na kola ya shati. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, yenye Tecno, Infinix na itel, ilijipatia soko kubwa Afrika kwa mambo kadhaa, na mojawapo lilikuwa kuzirekebisha kamera zake zione ngozi zetu sawasawa. Wengine wakafuata. Kwa hilo sina kalamu nyekundu.

Kalamu nyekundu inakuja kwenye kitu kinachoitwa urembo. Kiwanda kilikuwa kimekiwasha tayari. Mjomba alikaa kwenye kiti, kanzu imenyooka, kofia ya kiua sawasawa, nikapiga. Simu ikamlainisha. Ikafuta mikunjo ya macho, ikafuta kovu la utotoni la kuanguka mwembe, ikaenda hadi kwenye paji la uso na kuona pana alama nyeusi ya sijda, ikaihesabu kuwa chunusi, ikaifuta nayo. Mama, ambaye bila miwani anaona mwanga na kivuli, akasema picha nzuri, tuma.

Kundi la ukoo likaamka. Shangazi wa Lindi akauliza huyu kijana ni wa nani. Binamu mmoja akaweka picha za makofi. Kisha mtu wa Kilwa kwenyewe, jirani wa Mjomba, akaandika swali fupi: "Mzee ameacha kuswali?" Niliifuta picha, lakini ilikuwa imekwishasambaa hadi kundi la msikiti. Mjomba aliiomba simu, akaitazama ile sura kwa muda, akagusa paji lake halisi kuhakikisha.

"Miaka arobaini ya kusujudu," akasema, "na hii imeifuta bila hata kupiga hodi."

Kipengele cha kuandika kwa sauti nimekiacha, japo nilikipenda. Google iliweka Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na kwa mtu aliyebanwa ndani ya daladala, mkono mmoja umeshika bomba na mwingine umekumbatia madaftari ya kusahihisha, hiyo ni neema. Asubuhi moja magari yalisimama, konda ameshuka kununua mahindi, nikaona nimtaarifu mkuu wa shule. Nikasema polepole, kwa matamshi ya taarifa ya habari: "Mkuu, samahani, nimekwama Buguruni." Nikatuma. Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida yake: "Msalimie Spika." Nikapandisha macho kwenye nilichotuma. Mkuu, samahani, nimekwama bungeni. Mpaka leo nikichelewa, ofisi ya walimu inauliza kama muswada umepita.

Kuhusu maji, boksi linasema IP54. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji, na 4 maana yake ni maji ya kurukiwa kutoka upande wowote. Mwanangu wa darasa la tatu alielewa kwamba simu haidhuriwi na kinywaji. Kipimo rasmi kinatumia maji; juisi ya ukwaju hakiitaji. Ilipona, ila kitufe cha kuongeza sauti sasa kinanata, na ukikibonyeza redio inapanda hadi mwisho bila kusimama. Mama ndiye pekee aliyefurahi.

Na sasa nifike kwenye sura, kwa sababu hapo simu imenigharimu fedha taslimu.

Kuna simu za bei kubwa zenye utaratibu mwingine: tangu iPhone X ya mwaka 2017, Apple inammwagia mtu usoni nukta zaidi ya 30,000 za mwanga usioonekana, ili ipime pua imechomoza kiasi gani na macho yamezama kiasi gani. Yangu inapiga picha ya kawaida kwa kamera ya mbele na kulinganisha. Mimi na mdogo wangu tumepishana miaka sita. Tumefanana. Mtaani wanatusalimia kwa kubahatisha, na mama muuza genge amewahi kumkabidhi yeye chenji yangu. Simu yangu inamfungukia bila hata kusita, wakati mwingine upesi kuliko inavyonifungukia mimi, kwa vile yeye hana miwani.

Mdogo wangu ana deni langu la elfu hamsini, la tangu mambo ya mahari. Siku moja nikamkumbusha, kwa upole, mbele ya chai. Akashangaa sana.

"Kaka, si ulinisamehe?"

"Nilikusamehe lini?"

Akatoa simu yake. Ujumbe upo, umetoka kwenye namba yangu, una saa na tarehe: "Mdogo wangu, ile elfu hamsini usihangaike nayo tena. Nimekusamehe dunia na akhera." Nikaangalia kwenye simu yangu, kweli umetoka. Saa nane usiku, wakati nimelala na simu inachaji sebuleni, alikokuwa amelala yeye.

Tulilipeleka shauri barazani. Nikaanza na hoja ya mwanga wa kamera ya mbele, nikaeleza tofauti ya picha bapa na picha yenye kina, nikataja zile nukta 30,000. Mama akanikatisha.

"Huo ujumbe umetoka kwenye simu yako?"

"Umetoka, lakini..."

"Simu ilifunguliwa kwa nguvu?"

"Haikufunguliwa kwa nguvu, Mama, ilimfananisha."

"Basi imeona mtoto wangu, ikafungua. Na imeandikwa dunia na akhera. Maneno hayo hayarudishwi, mwanangu, utatutia nuksi."

Nikamgeukia Mjomba, nikijua yeye na simu ile hawapikiki chungu kimoja. Hakuniangusha. Alisema kwa taratibu kwamba yeye hawezi kupokea ushahidi wa chombo kilichompeleka Morogoro na kumvua sijda yake mbele ya ukoo mzima. Chombo hicho kikisema jua linawaka, yeye atatoka nje kwanza akahakikishe. Ikawa mmoja kwa mmoja. Mke wangu, aliyeombwa kura ya mwisho, akasema yeye anachotaka kujua ni lini nilimkopesha mtu elfu hamsini na yeye akaambiwa hakuna hela ya pazia.

Shauri likaahirishwa. Usiku ule nikaifuta sura kwenye simu, nikarudi kwenye namba ya siri, tarakimu sita, nilizozichagua kwa uangalifu wa fani yangu. Kabla sijalala ujumbe ukaingia, kutoka sebuleni, hatua chache tu: "Kaka, pole na uchovu. Naomba unisaidie elfu thelathini, mwisho wa mwezi nitakurudishia kama zile."